Sura ya Nne: Tunaomba Sana, Mbona Tuko Vilevile?

Swali hili halitoki kwa wapagani. Linatoka kwa watu wa kanisani wenyewe, tena wale wa mstari wa mbele: mwimbaji wa kwaya, mama wa Legio Maria, shemasi anayefunga mlango wa kanisa usiku. Lubumbashi hakuna wiki isiyokuwa na mkesha. Katuba wanaomba, Ruashi wanaomba, na ukipita mtaa wa Kenya saa sita za usiku utasikia vipaza sauti viwili vikishindana ukuta kwa ukuta. Kukicha, watu walewale wanarudi kwenye ugomvi wa mpaka wa kiwanja, kwenye deni la mwaka jana, kwenye ndoa ya kununiana. Ndipo mtu anauliza, kwa sauti ya chini asije akaonekana hana imani: tunaomba sana, mbona tuko vilevile?

Katika sura hii nitatumia neno uamsho kwa maana moja tu: kipindi ambacho watu wa kanisa wanairudia imani yao kwa nguvu mpya, hadi jirani asiyesali anaona tofauti. Kipimo ni huyo jirani. Machozi ya waumini peke yake hayatoshi, wala idadi ya siku walizofunga.

Jibu langu nalitoa mapema, kisha nitalitetea kwa historia ya Katanga yenyewe. Maombi yaliwabadilisha watu wa nchi hii kila yalipofanyika kati ya watu wachache wanaojuana, walioweza kuulizana habari za maisha yao bila kuogopana. Yalipokosa hilo yaligeuka kelele, au desturi, au biashara.

Kanisa la kampuni

Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na ulizaliwa kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilijenga kambi za wafanyakazi, yaani mitaa ya nyumba zilizopangwa mstari kwa mstari karibu na mgodi au kiwanda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilitaka wafanyakazi wakae humo na wake zao badala ya kurudi kijijini kila mkataba unapoisha. Wamisionari Wabenedikti kutoka Ubelgiji, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, ndio walioshika shule na makanisa mengi ya kambini. Mshahara ulitoka kwa kampuni, unga wa posho vilevile, zahanati vilevile, na kanisa nalo lilisimama juu ya ardhi ya kampuni.

Siudharau mpango huo. Wazee wetu wengi wasingejua kusoma bila huo. Lakini sala ya kambini ilikuwa na ratiba kama zamu ya kazi, na mtu aliweza kuwa Mkristo mwema kwa miaka 20, kadi yake ya zaka ikiwa safi, bila mtu yeyote kumwuliza moyo wake unatamani nini.

Katika mji huohuo, nyuma ya kuta za gereza, alikuwamo mtu mwenye historia tofauti kabisa. Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuwaombea wagonjwa Nkamba, magharibi ya Kongo, tarehe 6 Aprili 1921. Umati ulimfuata, serikali ya Wabelgiji ikaogopa, na tarehe 3 Oktoba mwaka uleule akahukumiwa kifo. Mfalme Albert alibadilisha hukumu ikawa kifungo cha maisha, Kimbangu akaletwa huku Élisabethville, mbali na watu wake. Alihudumu miezi michache. Alifungwa miaka 30. Alifia hapahapa tarehe 12 Oktoba 1951. Muda huo wote wafuasi wake walisali kwa siri majumbani, wengi wakihamishwa kwa nguvu kwenda mikoa ya mbali, na kila walikopelekwa waliunda kikundi kingine. Kanisa lao lilitambuliwa na serikali tarehe 24 Desemba 1959. Hawakuwa na jengo, hawakuwa na kiongozi wa kumwona kwa macho. Walikuwa na wenzao wa kusali nao, basi.

Baba Placide na swali lake

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni vuguvugu la Kikatoliki liitwalo Jamaa, na vijana wengi wa leo hawajawahi kuusikia, jambo linalonisikitisha.

Placide Tempels alikuwa padri Mfransisko, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1906 na kufika Kongo mwaka 1933. Wasomi wanamjua kwa kitabu chake kuhusu falsafa ya Wabantu, kilichotolewa Élisabethville mwaka 1945. Kitabu hicho kilimkosanisha na Askofu de Hemptinne. Mwaka 1946 akaenda Ubelgiji, na akarejea mwaka 1949 tu. Baadaye aliandika kwamba miaka yake ya mwanzo aliwafundisha watu kama bwana anayejua kila kitu. Walimsikiliza kwa heshima, walikariri katekisimu, wakarudi nyumbani jinsi walivyokuja. Mapadri wangapi, wachungaji wangapi wanaweza kuyakiri hayo kwa maandishi?

Kilichombadilisha ni kugeuza mazungumzo. Akaacha kuanza na majibu, akawauliza watu wanatamani nini kuliko vyote. Alichosikia alikipanga katika mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mtu anataka aishi kweli, anataka maisha yake yazae, na hataki kuwa peke yake. Tempels aliona kwamba hayo ndiyo Injili inayoyazungumzia, akaanza kusali na watu kutokea hapo.

Kuanzia mwaka 1953, huko Kolwezi, mazungumzo hayo yakawa kikundi, na kikundi kikawa vuguvugu la Jamaa, lililofika Likasi, Élisabethville na hadi Kasai. Waliojiunga walikuwa hasa wafanyakazi wa Union Minière na wake zao. Sheria iliyowashangaza wengi ilikuwa hii: mtu haingii peke yake, anaingia na mwenzi wake wa ndoa. Mume aliyezoea kurudi kazini, kula bukari na kunyamaza, sasa alitakiwa akae na mkewe wasimuliane mawazo yao, hata ndoto zao, kabla ya kupokewa hatua inayofuata. Ndani ya Jamaa kila mwanamume aliitwa baba na kila mwanamke mama, padri naye akiwemo. Msimamizi na mchimbaji aliyekuwa chini yake mgodini waliitana baba jioni. Katika kambi ambako kila mtu alijulikana kwa namba ya kazi, hilo halikuwa jambo dogo.

Mtafiti Johannes Fabian, aliyeishi nao Katanga katika miaka ya 1960, alitoa kitabu kizima juu yao mwaka 1971. Mimi navutiwa na jambo moja kuliko mengine yote: Jamaa hawakuongeza saa za sala. Misa ilikuwa ileile na rozari ileile. Kilichoongezeka ni ukweli kati ya wanaosali.

Kwa nini Jamaa ilipoa

Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962 na hakurudi tena. Alifariki Ubelgiji mwaka 1977. Huku nyuma mambo yaliharibika pole pole. Mafundisho yakawa na ngazi, ngazi zikawa na siri, na siri ikazaa watu wanaojiona wanajua kuliko paroko. Ukaribu wa kiroho kati ya mapadri na akina mama ukaleta minong'ono. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Katanga waliwataka wanachama watangaze utii wao kwa Kanisa; wengine walikubali, wengine wakatengwa. Kila upande una maelezo yake hadi leo. Maoni yangu ni kwamba maaskofu walichelewa kusikiliza na wakawahi kuadhibu, lakini pia kwamba kikundi chochote cha sala kinachoficha kinachofundishwa kimeshaanza kuoza.

*Kwa kifupi: kambi iliwapa watu ratiba ya sala bila kuulizana. Jamaa iliwapa kuulizana, ikastawi. Ilipoweka siri mahali pa ukweli, ikapasuka.*

Mwanza, siyo ile ya ziwani

Waprotestanti wasidhani haya ni ya Wakatoliki tu. Mwaka 1915 Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifika Mwanza, kijiji cha nchi ya Waluba kaskazini mwa Katanga, ambacho Watanzania wasikichanganye na jiji lao. Walikuwa Wapentekoste, yaani Wakristo wanaosisitiza kwamba Roho Mtakatifu huwashukia waumini leo kama alivyowashukia mitume. Kwa miaka kadhaa kazi ilikwenda kwa kusuasua. Kisha wakaanza kurejea watu waliokuwa wameuzwa utumwani Angola, na baadhi yao walikuwa wameipokea Injili huko huko. Walirudi kwao wakiwa na mengi ya kusema kuhusu kufungwa na kufunguliwa. Mwanzoni mwa mwaka 1920 uamsho ulitokea Mwanza, na waliotoka humo kwenda vijijini kuhubiri walikuwa Waluba na Wasonge wenyewe. Kanisa la Kipentekoste lililotokana na kazi hiyo lina parokia tele mjini Lubumbashi leo.

Nusu karne baadaye Wakatoliki nao walipata kitu kinachofanana. Vikundi vya karismatiki, vinavyotilia mkazo karama, yaani vipawa vya Roho kama uponyaji na kunena kwa lugha, vilianza Marekani mwaka 1967 miongoni mwa watu wa Chuo Kikuu cha Duquesne, Pittsburgh. Vilifika Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kufikia miaka ya 1980 vilikuwa vimeenea Lubumbashi.

Katika miaka ya 1970 Rais Mobutu alikuwa ameyabana makanisa. Sheria ya Desemba 1971 ilitambua makanisa machache tu, na mwaka 1974 Krismasi ikafutwa katika orodha ya sikukuu za serikali. Maaskofu wa Kongo walikuwa wamekwisha amua, tangu 1961, kwamba uhai wa parokia utategemea jumuiya ndogo za mtaani, zile tunazoziita mashirika: nyumba chache za jirani zinazokutana kila wiki kusoma Neno na kusaidiana. Uamuzi huo uliwaokoa wakati wa shida. Redio na shule serikali inaweza kuzichukua; sebule ya mtu ni shida kidogo.

Miaka ya mikesha, miaka ya kufukuzana

Sasa tunafika mahali panapouma.

Mwaka 1986 Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilitoa takriban tani 470,000 za shaba. Katikati ya miaka ya 1990 haikufikisha hata tani 50,000. Mshahara ulikosekana miezi kwa miezi, shule za kambi zikadorora, hospitali zikaishiwa dawa. Wakati huohuo, baada ya Mobutu kuruhusu vyama vingi tarehe 24 Aprili 1990, mlango wa dini nao ulifunguka, na makanisa ya réveil, yaani makanisa mapya ya uamsho yanayojitegemea, yakaota katika kila mtaa. Watu waliomba kuliko wakati wowote. Walikuwa na haki ya kuomba. Nani mwingine angewasikiliza?

Na bado, mwaka 1992 na 1993, Wakasai, yaani watu wenye asili ya Kasai, walifukuzwa Katanga. Maelfu kwa maelfu walilala na watoto kwenye stesheni za reli za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, wengine wakifia hapo hapo. Aliyefukuza na aliyefukuzwa, mara nyingi, walikuwa wameimba kwaya moja. Walijua nyimbo zilezile kwa moyo. Wapo Wakristo waliowaficha majirani zao na kuwapelekea chakula stesheni, na tuwaheshimu. Lakini kama kanisa tunapaswa kukubali kwamba wingi wa maombi yetu haukuzuia jambo hilo. Tulikuwa tumeomba pamoja miaka mingi bila kuwahi kuzungumza, ndani ya sala, juu ya kabila, kazi, cheo na wivu. Siasa ilipokuja kuyachokonoa hayo, iliyakuta mabichi.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na mhubiri anayesema tiba ya ukavu wa kanisa ni kuongeza mkesha mmoja. Mtu ambaye simu yake haina unite hata akipaza sauti haendi popote. Atafute kwanza kwa nini haiunganishi.

Jioni moja Katuba

Nilialikwa kwenye shirika moja la Katuba. Umeme ulikuwa umekatika kama kawaida, mishumaa miwili juu ya meza, viti vya plastiki vimeazimwa nyumba ya pili, watoto wamelala kwenye mkeka. Somo lilikuwa lile la Mathayo sura ya 5, Yesu anapomwambia aliyeleta sadaka aiache mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake. Kiongozi, mzee aliyestaafu reli, alisoma mara mbili kisha akanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu hadi mtu akakohoa.

Ndipo mama mmoja anayeuza makaa akamgeukia mwenzake aliyekaa karibu na mlango, yule ambaye kila Ijumaa huongoza maombezi, akasema bila kupaza sauti:

"Mama, unaombaka usiku yote. Na feza yangu?"

Ilikuwa bei ya magunia mawili. Mwombezi aliinama. Akaanza kueleza habari za mumewe asiyelipwa, akaacha katikati, akasema, "Nilikuwa na haya ya kukuambia, mama. Nilipita njia ingine ili usinione." Yule mzee hakuhubiri. Aliuliza tu nani anaweza kusaidia sehemu ya deni, na nani ana kazi ndogo ya kumpa yule mume. Watu watatu waliinua mikono. Wakapanga tarehe. Baada ya hapo ndipo wakasali, dakika kumi hivi, na sijasikia sala ya namna ile kwenye uwanja wowote wenye jukwaa.

Deni lilikwisha kabla ya Pasaka, na mume alikuja mwenyewe shirikani kushukuru. Hakuwa msali, sasa yumo. Huyo ndiye jirani niliyemtaja mwanzoni.

Senti za Bristol na wezi wa Gahini

Mambo haya si ya Katanga peke yake. Wamethodisti, ambao ni wengi hapa Lubumbashi, wana kumbukumbu nzuri. Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Waligawanywa watu kumi na wawili kumi na wawili, kila kundi na kiongozi wa kukusanya peni moja kwa wiki kwa kila mtu. Viongozi walipozunguka nyumba kwa nyumba waliona maisha halisi ya watu: huyu analewa, yule anampiga mkewe, mwingine ana njaa anaficha. Wesley akatambua kwamba mpango wa senti umempa alichokuwa akikitafuta. Makundi yale yakawa mahali pa kuulizana hali ya roho kila wiki, na Umethodisti ukasimama juu yake.

Karibu nasi zaidi, katika miaka ya 1930, uamsho ulianza kwenye misheni ya Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Alama yake haikuwa kelele. Watu walikiri dhambi zao mbele ya wenzao na wakarudisha walichoiba: mwajiri anarudishiwa vifaa, jirani anarudishiwa mbuzi. Afisa wa serikali asiyejali dini hata kidogo aliweza kuona kwamba kuna kitu kimetokea.

Pa kuangalia kwa makini

Kikundi kidogo nacho kina hatari zake. Watu wachache wanaoaminiana ni rahisi kupotoshwa. Ukiona haya, simama:

- Maombi yana bei. Ukiombwa bahasha kabla ya kuwekewa mikono, hapo ni dukani.
- Mtu mmoja tu ndiye anayepokea maono, na maono yake hayamgusi yeye hata siku moja.
- Mgonjwa anaambiwa aache dawa. Anayetumia dawa za kisukari, kifafa au virusi vya UKIMWI anaombewa huku akizimeza, na hafungi chakula bila kumwuliza daktari. Hili halina mjadala.
- Mtoto anaitwa mchawi. Ibara ya 41 ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakataza kabisa kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kosa hilo. Kikundi kinachomnyima mtoto chakula ili "pepo" atoke hakihitaji kuvumiliwa wala kuombewa kwanza. Mtoe mtoto humo, kisha waone polisi.
- Siri zinazosemwa kwenye duara zinasikika sokoni. Kukiri kunahitaji watu wanaojua kufunga mdomo.

Hiyo ya mwisho ndiyo huua vikundi vingi kimya kimya, na viongozi huisahau.

*Kwa kifupi: uchache wa watu unasaidia, mradi mlango uwe wazi, fedha zionekane, na kiongozi naye aulizwe.*

Kama unataka kuanza

Usingoje kibali cha semina wala mhubiri kutoka Kinshasa. Mwambie paroko au mchungaji wako unachotaka kufanya, ili kusiwe na siri, kisha tafuta nyumba tano za mtaani kwako. Zisiwe za kabila moja, wala za watu wa kazi moja tu. Wekeni siku na saa, na wekeni pia saa ya kumaliza, maana anayefungua meza sokoni saa kumi na moja alfajiri hawezi kukesha kila wiki. Someni kifungu kifupi na mnyamaze. Kiongozi awe wa kwanza kusema lililo kweli juu yake mwenyewe; asiposema yeye, hakuna atakayesema.

Jioni ya kwanza ombeni nusu saa, isizidi. Halafu kila mmoja aseme nani anamdai, na yeye anamdai nani. Mkesha upangeni baada ya madeni hayo kulipwa.